Kalamu Nyekundu Juu ya Jalada

Jalada la bibi yule lilikuwa la kaki, limechakaa pembeni, na juu yake mwenzangu aliyenitangulia kazini alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, kwa herufi kubwa, toka pembe hadi pembe: MZIO WA SULFA. Hukuhitaji kulifungua. Likiwekwa tu mezani, umeshaonywa.

Bibi kwao ni Mkuyuni, na akija mjini kwa mwanawe ndipo hupita kwetu. Enzi zile SP, dawa yenye sulfa, ilipokuwa chaguo la kwanza la kutibu malaria nchini, kuanzia 2001 mpaka dawa mseto iliposhika nafasi yake kuelekea 2007, alipewa SP akababuka ngozi ya midomo na kifua. Mwenyewe husema kwa kifupi: “Dawa zile zilinikataa.”

Mimi ni tabibu, na kwa miaka 11 sasa ndiye mganga mfawidhi wa kituo cha afya cha binafsi hapa Morogoro, upande wa Kihonda. Tuna vyumba viwili vya daktari, maabara ndogo, dirisha la dawa, kliniki ya mama na mtoto na chumba cha wazazi chenye vitanda vinne. Siku ya kawaida tunaona wagonjwa 80 hivi, Jumatatu wanafika 120. Tangu tubadilishe programu ya kumbukumbu za wagonjwa mara ya pili, wenzangu wenye zahanati wamekuwa wakinipigia simu: “Dokta, tuambie, mfumo gani mzuri?” Kila mara najikuta naanza na habari za bibi huyu, simu inakuwa ndefu. Bora niandike.

Mara ya kwanza tulichagua kwa dakika 45. Kampuni ilileta vijana wawili waliovaa vizuri, wakafunga projekta kwenye chumba cha mikutano. Tulikuwa watatu wa kuwasikiliza: mwenye kituo, mhasibu na mimi. Shida iliyotusukuma ilikuwa ya kweli. Stakabadhi zilikuwa zinapotea, hesabu ya dawa haikulingana na fedha za dirishani, na fomu za bima zilikuwa zinarudi na makato kwa sababu hii namba imesahauliwa, ile saini haipo. Kwa hiyo tulipoonyeshwa mapato ya siku yakipanda kwenye skrini kwa rangi ya kijani, dirisha kwa dirisha, tuliona tumepata dawa. Nilitia saini siku ile ile, na moyo wangu ulikuwa mweupe.

Leo nikikumbuka chumba kile naona waliokosekana. Sista wa usajili hakuwepo. Sista anayepima presha na uzito hakuwepo. Kijana wa dawa hakuwepo, wala mtaalamu wa maabara. Kati yetu sisi watatu tulioamua, ni mimi peke yangu ambaye ningeitumia programu ile mbele ya mgonjwa, na hata mimi nilikuwa nimeduwaa na ile rangi ya kijani.

Kuhamisha majalada kulifanywa na vijana wa muda kwa wiki tatu. Waliingiza jina, umri, simu na namba ya bima, yaani yale ambayo programu iliyalazimisha. Mzio haukulazimishwa. Ulikuwa na mahali pake, ndiyo, kisanduku kiitwacho “Maelezo mengineyo” chini ya ukurasa wa pili wa usajili, ukurasa ambao daktari hana sababu ya kuufungua. Majalada ya kaki yakafungwa kwa kamba, yakapelekwa stoo.

Mwezi wa tano bibi akaja, anaungua akikojoa. Siku hiyo nilikuwa kwenye kikao cha halmashauri, na daktari wa zamu alikuwa kijana mgeni, mchapakazi, mwenye foleni ya watu 40 mlangoni. Akaandika Septrin, dawa ya kuua bakteria. Dirishani akapewa vidonge vyake na maelekezo yote sahihi: viwili asubuhi, viwili jioni, maji mengi. Septrin ina sulfa ndani yake kama SP ilivyo nayo. Bibi hakusoma, na hata angesoma, sanduku lile lisingemwambia kwamba hii ni ndugu ya ile iliyomkataa.

Kesho yake jioni mwanawe alimleta kwa bodaboda. Midomo imevimba na kupasuka, macho mekundu, na kifuani madoa yanaanza kuungana. Tulisimamisha dawa, tukamweka dripu, tukampa rufaa usiku ule ule. Alipona, namshukuru Mungu, lakini ilichukua zaidi ya wiki mbili. Usiku ule niliporudi kituoni nilichukua funguo nikaenda stoo na tochi ya simu. Jalada lake lilikuwa la tatu kutoka juu katika fungu lake. Wino mwekundu haukuwa umefifia hata kidogo.

Sikumlaumu daktari kijana. Nilichokielewa nikiwa nimesimama pale stoo ni kwamba nilikuwa nimepewa kazi ya kupima programu ya matibabu, na nilichopima ni mashine ya kupokea fedha yenye majina ya wagonjwa.

Tulipoamua kutafuta nyingine, jambo la kwanza nililofanya halikuhusu kompyuta. Nilichukua daftari la shule, nikamfuata mgonjwa mmoja tangu getini mpaka anatoka, kisha mwingine, kwa siku nne. Kila mtu alipoandika kitu nilipiga alama: ameandika nini, wapi, kwa ajili ya nani. Mama mmoja mwenye bima, aliyekuja na kikohozi tu, jina lake liliandikwa mara saba: kwenye daftari la mapokezi, kitabu cha MTUHA namba 5 (rejista ya Serikali ya wagonjwa wa nje), fomu ya bima, karatasi ya maabara, rejista ya maabara, cheti cha dawa na leja ya dirishani. Nikaelewa kwa nini wauguzi wetu wanachoka kabla ya saa sita. Nikaelewa pia kitu nilichokuwa sikijui pamoja na miaka yangu yote pale: sista wa vipimo alikuwa anaandika uzito wa watoto kwenye kiganja chake kwa kalamu, halafu anapita kumwambia daktari kwa mdomo, kwa sababu karatasi ilichelewa kuliko mtoto. Programu yoyote ambayo ingechelewesha uzito ule ingerudi kushindana na kiganja, na kiganja kingeshinda.

Kutokana na daftari lile nikatengeneza wagonjwa 10 wa mtihani. Niliwapa majina ya kubuni, lakini matatizo yao niliyatoa kwetu hapa hapa. Sharti langu kwa kila kampuni lilikuwa moja: mtakaa pembeni, watakaoandika ni wafanyakazi wangu, na hakuna kuwasaidia mpaka waombe.

Wa kwanza walikuwa Kulwa na Doto. Baba mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, simu moja ambayo ni ya mama yao, na wote wana homa. Programu moja ilimsajili Kulwa vizuri, kisha ikamkataa Doto kwa maelezo kuwa mteja huyu yupo tayari. Kijana wa kampuni akasema tuongeze namba kwenye jina, Doto 2. Nikamwuliza, majibu ya maabara ya Doto 2 yakisomwa kama ya Kulwa, nani ataenda kumweleza mama? Katika nchi hii mapacha wana majina yao ya kuzaliwa nayo, na mfumo usiowajua bado haujafika kwetu.

Alifuata kichanga ambaye hajapewa jina, “mtoto wa fulani”, ambaye baada ya siku 40 anarudi na jina kamili. Je, chanjo alizopata akiwa hana jina zinamfuata? Kisha mwanamke aliyesajiliwa Mwanaidi mwezi uliopita na leo sista mwingine anamtafuta kama Mwanahidi. Na mwanamume ambaye ubini wake kadi moja imeandika Ally na nyingine Ali. Hapa ndipo wengi walipoanguka. Ukikosea herufi moja mgonjwa hapatikani, sista ana foleni, basi anamsajili upya. Baada ya mwaka mtu mmoja ana mafaili manne, presha yake imegawanyika vipande vinne, na hakuna daktari anayeona kwamba imekuwa ikipanda tangu Februari. Katika programu ya kwanza nilikuja kukuta mgonjwa wetu mmoja wa kisukari ana mafaili sita.

Kulikuwa na mzee asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa, mwenye simu ya kuazima kwa jirani. Programu mbili zilikataa kuendelea bila tarehe, na waliokuwa wakiandika wakaweka 1 Januari ili wapite. Moja ilikuwa na kitufe cha “umri wa kukadiria”. Ni kitufe kidogo tu, lakini mtu aliyekiweka pale aliwahi kukaa mapokezi, na tangu dakika ile nilianza kumwamini.

Wa saba ndiye aliyenifundisha zaidi, na nilimweka karibu kwa bahati. Ni mgonjwa aliyepimwa, foleni ikamchosha, akaondoka kabla ya majibu. Majibu yakatoka saa nane mchana: sukari iko juu sana. Swali: nani katika kituo atajua? Kwenye karatasi, mtaalamu wa maabara huinuka na karatasi mkononi, anamtafuta mtu, akimkosa anakuja kwangu. Kwenye programu tatu kati ya nne tulizojaribu, jibu liliingia kwenye faili la mgonjwa likatulia humo, kimya, likisubiri mtu afungue faili ambalo hakuna mwenye sababu ya kulifungua. Moja tu ilikuwa na orodha ya majibu yasiyosomwa, ikiwa wazi mbele ya daktari mpaka ayasome. Wenzangu, hilo sikuwahi kuliona kwenye onyesho lolote la projekta, wala hakuna muuzaji aliyewahi kulitaja kwa hiari yake.

Wa mwisho alikuwa bibi wangu. Tuliandika mzio wa sulfa, kisha tukaandika Septrin. Programu moja ilipokea yote mawili bila neno. Ya pili ilikuwa na sehemu ya mzio, lakini yenyewe iliona maandishi tu. Neno “sulfa” huku na neno “co-trimoxazole” kule, ambalo ndilo jina la kitaalamu la Septrin, vilikuwa wageni wasiojuana. Ya tatu ilipiga kengele, tukafurahi, mpaka tulipoendelea na kugundua inapiga kengele kwa kila kitu: paracetamol na dawa ya minyoo, tahadhari, vitamini kwa mjamzito, tahadhari. Nilimtazama sista vidole. Kufikia mgonjwa wa sita alikuwa anabofya “sawa” kabla dirisha halijamaliza kufunguka. Kengele inayolia kutwa nzima inamzoesha mtu kutosikia, na siku ya bibi angebofya “sawa” vilevile. Ya nne ilijua dawa zipo za kundi gani, ilinyamaza mahali pa kunyamaza, na kwa Septrin ilizuia mpaka daktari aandike sababu. Ujumbe ulionekana tena kwenye dirisha la dawa, kwa rangi nyekundu, juu kabisa. Nilitoka nje kidogo kupunga hewa.

Kijana wa dawa naye alikuwa na mtihani wake, ambao mimi nisingeufikiria. Kopo la vidonge linaingia stoo likiwa moja, lina vidonge 1,000, na linatoka kidonge kidonge, 20 huku, 15 kule. Programu inayohesabu makopo itakwambia una kopo moja mpaka dakika kidonge cha mwisho kinapotoka. Programu inayohesabu vidonge itamsumbua anayeagiza. Alitaka zote mbili, na alitaka zile zinazokaribia kuisha muda zijitokeze mbele zenyewe. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikimdhania mvivu wa hesabu. Kumbe kila jioni alikuwa anakaa nusu saa akigeuza makopo kuwa vidonge kwa kikokotoo cha simu.

Habari ya umeme niliifanya kwa mkono wangu. Katikati ya jaribio, daktari akiwa ameandika nusu ya maelezo ya mgonjwa, nilikwenda kwenye swichi kuu nikazima. Programu iliyokaa mtandaoni ilikufa papo hapo, kwa sababu ruta haikuwa na betri, na maelezo yakapotea. Nyingine iliyokuwa na sava yake ndani ya kituo iliendelea kwenye kompyuta mpakato, ikahifadhi kila kitu, ikapeleka nakala mtandaoni umeme uliporudi. Mimi sisemi mfumo wa mtandaoni ni mbaya. Mwenzangu aliye Dar es Salaam, mwenye intaneti mbili na jenereta, anautumia vizuri na hana mzigo wa kutunza sava. Ninachosema ni kwamba zima umeme mwenyewe, kwenye jengo lako, kabla hujatoa shilingi.

Programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzichukua bure na kuzirekebisha, nilizitazama kwa hamu kubwa, na sababu moja ni kwamba OpenMRS ina mizizi hapa kwa jirani. Mwaka 2001, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Kutokana na uzoefu ule na wa wengine, 2004 ikaanzishwa OpenMRS, ambayo leo inatumika nchi nyingi, na Kenya wamejenga KenyaEMR juu yake. Ilinipa moyo kujua kwamba chombo kikubwa namna hiyo kilitokana na kituo cha afya cha vijijini. Lakini kituo chetu hakina mtu wa kuisimika, kuitengeneza na kuilisha orodha ya dawa na magonjwa yetu. Msimbo wake ni bure, ila mtu wa kuitunza analipwa kila mwezi, na ukikosa mtu huyo usiianze. Hospitali kubwa yenye idara ya tehama ningeishauri waanzie huko.

Sisi ni wa binafsi, lakini taarifa za Serikali zinatuhusu kama wanavyohusika wengine. Kila mwezi tunajumlisha kitabu cha MTUHA namba 5 kwa makundi ya umri yanayojulikana: chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya 60, na 60 kuendelea. Programu moja nzuri sana, iliyotengenezwa mbali, ilikuwa na makundi yake yenyewe, na kuyabadilisha kulihitaji kulipia. Ina maana kila mwisho wa mwezi sista angerudi kuhesabu kwa vijiti. Niliifunga hapo hapo. Vivyo hivyo kwa bima: mgonjwa wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya anathibitishwa anapofika, na namba ya uthibitisho inapaswa imfuate mpaka kwenye dai lake. Makato yetu mengi yalitokana na sisi wenyewe, tumeandika kipimo ambacho hakiendani na ugonjwa tuliouandika, au namba imebaki mapokezi. Nilichotafuta ni programu inayomwonyesha daktari pengo hilo mgonjwa akiwa bado amekaa mbele yake. Likigunduliwa tarehe 5 ya mwezi unaofuata, mhasibu ndiye anayebaki na karatasi mkononi.

Bei nitaitaja kwa jambo moja tu, maana bei zenyewe zinabadilika. Kampuni mbili zilitoza kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Mwenye kituo, kwa kubana matumizi, akapendekeza tulipie watumiaji watano, wafanyakazi wapo 17. Unajua kitakachofuata: nywila moja inabandikwa ukutani kwa plasta, na wauguzi watatu wanaandika kwa jina la mmoja. Usiku ule wa bibi nilijaribu kuangalia nani alitoa dawa na saa ngapi. Programu ilinionyesha jina la mtu aliyekuwa likizo. Tukaenda kwa kampuni inayotoza kituo kizima.

Na siri za watu. Kwenye programu ya kwanza, sista wa usajili akifungua faili kuona namba ya bima, ugonjwa ulionekana hapo hapo pembeni, na skrini ya mapokezi ilitazama mabenchi. Kihonda ni mtaa, watu wanajuana. Mama mmoja anayetumia dawa za kufubaza virusi aliacha kuja kwetu kabisa, na sikuhitaji kuuliza kwa nini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Lakini hata kabla ya sheria sisi tulikuwa na kiapo. Sasa mapokezi wanaona jina, bima na chumba cha kwenda, basi. Skrini nayo tuliigeuza, kazi ya dakika tano ambayo tungeweza kuifanya tangu siku ya kwanza.

Kilichoniumiza zaidi katika kuhama ni kutoka. Tulipoiarifu kampuni ya kwanza kwamba tunaondoka, tuliomba wagonjwa wetu. Tulipewa stakabadhi zote za miaka miwili, zimepangwa vizuri. Maelezo ya daktari, majibu ya maabara na dawa zilizotolewa, tukaambiwa viko katika muundo ambao hautoki. Mkataba niliousaini mwenyewe haukuwa na hata mstari mmoja juu ya jambo hilo. Tulibishana wiki tatu, na mwisho wake masista wawili walikaa jioni baada ya jioni wakinakili kutoka skrini moja kwenda nyingine, kwanza wagonjwa wa presha na kisukari, kisha wajawazito, kisha waliobaki tuliowaweza. Wapo ambao hatukuwaweza.

Kwa hiyo safari hii, kabla ya kusaini, nilimwambia yule wa kampuni ya nne: hawa wagonjwa 10 tuliowaandika leo, nipe wote sasa hivi kwenye faili ambalo naweza kulifungua bila programu yenu. Alichukua dakika 12. Tulilifungua kwenye Excel, tukamtafuta bibi, tukaukuta mzio wake kwenye safu yake. Ndipo tulipoanza kuzungumza mkataba, na mstari huo ukawa wa kwanza: taarifa ni za wagonjwa na kituo, zitatolewa zikiombwa, bila malipo, hata kama tunadaiwa. Nakala ya akiba pia tunaijaribu. Kila mwezi tunairudisha kwenye kompyuta ya zamani na kumtafuta mgonjwa mmoja wa jana. Mara ya kwanza kufanya hivyo faili lilikuwa tupu, na tukalirekebisha kabla hatujalihitaji.

Tuliendesha karatasi na kompyuta pamoja kwa miezi miwili. Ilichosha. Wafanyakazi walinilalamikia na walikuwa na haki. Mpaka leo chumba cha wazazi kinaandika patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa uzazi, kwa mkono, kwa sababu hakuna skrini niliyoiona inayomruhusu mkunga kusoma uchungu wa saa sita kwa mtupo mmoja wa jicho kama karatasi ile. Na bado kuandika kwenye kompyuta kunachukua muda zaidi kuliko kalamu, angalau kwangu. Mzee mmoja aliniambia, “Dokta, toka nimeingia hujanitazama.” Nikahamisha meza siku ile ile, sasa mgonjwa na skrini viko upande mmoja, na namsomea ninachoandika.

Bibi alirudi mwezi uliopita, ameleta mjukuu. Alinishikia mkono muda mrefu kabla ya kukaa. Nikamgeuzia skrini, nikamwonyesha ule mstari mwekundu uliokaa juu ya jina lake, nikamsomea.

“Hapo ndipo pameandikwa zilinikataa?”

“Ndiyo, bibi. Na kule dirishani wanauona hivi hivi.”

Alitazama kwa muda. “Na kule Mkuyuni, zahanati, nao wanauona?”

Nikamwambia hapana, programu zetu na zao hazizungumzi. Akanyamaza, akiwa anasubiri. Nikafungua droo, nikatoa kipande cha karatasi ngumu, nikaandika kwa kalamu nyekundu, kwa herufi kubwa: MZIO WA SULFA. ASIPEWE SP, ASIPEWE SEPTRIN. Nikagonga muhuri wa kituo, nikaongeza namba yetu ya simu. Alikipokea kwa mikono miwili, akakikunja mara mbili, akakifunga kwenye pindo la kanga.